Sekunde Saba Mbele ya Dunia

Jumanne, tarehe 3

Siku mbaya. Baba mkwe kapiga simu, si kwangu, kwa mke wangu, kuuliza kama mwanyumba wangu yupo mjini wiki hii. Nikajua mara moja anachotafuta. Kombe la Dunia linakaribia robo fainali na mzee anatafuta sebule.

Baba mkwe ni refa mstaafu. Amepuliza kipenga miaka ishirini na sita. Mpaka leo anatembea na kadi zake mbili, ya njano na nyekundu, kwenye mfuko wa shati, na huzitoa mezani. Mke wangu ana njano moja, kwa kumkatiza mama yake maneno. Mimi ninazo tano, pamoja na nyekundu niliyopewa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya binti yangu mwenyewe. Wakwe wa kiume tuko wawili: mimi, fundi saa, na mwanyumba wangu, mwalimu wa udereva, aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Kila fainali ya Kombe la Dunia mzee huchagua nyumba ya mmoja wetu. Fainali tatu sasa. Zote kwa mwanyumba!

Wanasema ni kwa sababu ya televisheni. Ya mwanyumba ni kubwa kama mlango wa ghala. Aliileta juu ya gari la wanafunzi, lenye kibao cha L, polepole, ili mtaa mzima uione. Yangu ina pembe moja ya kijani, basi, hakuna kingine. Lakini sababu ya kweli naijua. Miaka kumi na miwili iliyopita mzee alikuja kwangu kuangalia mechi ya makundi, nami nikapanda kwenye paa kulisogeza dishi kidogo ili picha iwe safi zaidi. Ikawa safi kabisa. Tuliangalia kipindi cha upandaji maua mpaka mechi ikaisha.

Nimekula kiapo. Fainali hii mzee atakaa kwenye kochi langu, na ataondoka akinitaja kwa heshima. Miaka kumi na miwili ya ndoa na bado ananiita "yule wa saa".

Jumatano, tarehe 4

Mungu mkubwa! Nimepata!

Nilikuwa chumba changu cha kazi, nimeifungua saa ya ukutani ya mteja, redio ndogo ya mfukoni iko kando inatangaza mechi. Mke wangu yuko sebuleni, anaangalia mechi hiyohiyo. Mtangazaji wa redio akapiga ukelele: goli! Na mimi nikapiga ukelele. Mke wangu akauliza kwa sauti goli gani hilo, mbona mpira uko katikati ya uwanja. Nikakimbilia mlangoni na bisibisi mkononi, na hapo ndipo nikaona kwa macho yangu: pasi, krosi, kichwa, wavuni.

Mtu mwingine angeguna na kurudi kazini. Mimi ni fundi saa. Nilivaa saa mbili, moja kila mkono, nikapima mara kumi na moja. Kipenga, kona, kipa akiokoa, kipenga tena. Jibu lilelile. Sekunde saba. Picha inapanda angani, inashuka kwenye dishi, inajikokota ndani ya king'amuzi. Redio haina safari hizo. Nyumba yangu iko nyuma ya dunia kwa sekunde saba kamili, na mimi peke yangu ndiye ninayejua.

Mke wangu anataka tumwite fundi wa dishi. Nimemwambia asithubutu.

Watu wanazidharau sekunde. Kwangu sekunde saba ni shamba. Unalima, unapanda, unavuna, na bado unapata nafasi ya kukaa kivulini.

Ijumaa, tarehe 6

Mazoezi mbele ya kioo. Nimeamua kufumba macho. Mtu anayetabiri huku ametoa macho haaminiki. Nafumba, nakunja uso kidogo, nainua kidole, nasema taratibu: naona hatari upande wa kushoto. Halafu nanyamaza. Inatisha! Binti yangu kanikuta akauliza kama tumbo linaniuma.

Habari njema zaidi: kesho mwanyumba ana wanafunzi wa mtihani wa udereva mpaka jioni. Mzee hana pa kwenda. Atakuja kwetu, amesema, ila nisiguse dishi.

Jumamosi, tarehe 7

Ushindi!

Tatizo lilikuwa waya. Ile spika ndogo ya kuchomeka sikioni ina waya mweusi unaoonekana toka mlangoni. Dawa yake: kofia ya sufu, mpaka chini ya masikio. Joto la leo lilikuwa la kukaangia mayai barazani. Mama mkwe aliniangalia jasho linavyonichuruzika akamnong'oneza mke wangu kama nina homa. Nikasema fundi wa kweli hulinda kichwa.

Dakika ya kumi na tisa redio ikasema kona, halafu goli. Nikafumba macho. Nikasema kona hii naiogopa, kuna mtu mrefu hajakabwa. Nikahesabu. Mrefu akaruka, wavuni! Mzee akageuka. Dakika ya thelathini na tatu nikasema huyu namba sita anatafuta kadi. Nikamaliza sentensi, namba sita akamkwatua mtu, refa akaingiza mkono mfukoni. Mzee akasogeza kiti chake karibu na changu. Karibu! Mwenyewe!

Mechi ilipokwisha alinishika bega, akasema miaka yote ile uwanjani amekutana na watu wawili tu waliosoma mchezo kabla haujachezwa, na mmoja alikuwa yeye. Nilitaka kuruka. Nilibaki nimekaa, maana betri ya redio ilikuwa imepata joto na kuning'ata kifuani.

Jumatano, tarehe 11

Nusu fainali. Safari hii mwanyumba alikuja pia. Sifa zangu zilimfikia na hakulala, naona. Alikaa mkabala nami, kanikodolea macho kama ninataka kupita taa nyekundu. Nikatabiri faulo mbili na mpira wa mwamba. Mama mkwe akapiga makofi. Mwanyumba akainuka, akaja, akanivua kofia kichwani kama anafunua sufuria. Waya huo! Ndani ya sikio!

Macho yote kwangu. Nikawa na sekunde saba zangu mwenyewe za kufikiri, na nikazitumia. Nikainamisha kichwa. Nikasema sikutaka mjue. Sikio la kushoto limeanza kufa. Daktari anasema ni saa: miaka ishirini ya tiki-tiki karibu na sikio. Kanipa kifaa cha kusikia.

Mwanyumba akarudi kwenye kiti chake na haya zake zote. Safi sana! Mama mkwe akasema masikini, na umri wote huo mdogo. Mke wangu, ambaye juzi tu nilimsikia akifungua biskuti jikoni wakati niko uani, alinitazama kwa muda mrefu. Nikangoja aniumbue. Halafu akamtazama baba yake. Halafu akaniwekea mto mgongoni.

Mzee hakucheka wala kutania. Alikuwa anakiangalia kile kiwaya. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni, akanyoosha mkono kama anatoa penalti, akatangaza: fainali hapa. Mwanyumba akajitolea kuileta televisheni yake. Mzee akasema hahitaji kioo kikubwa, anahitaji kukaa na mtu anayeuona mpira.

Hapa! Kwangu! Nimekikumbatia king'amuzi.

Alhamisi, tarehe 12

Baba mkwe kaja kwenye chumba changu cha kazi, peke yake. Hajawahi. Akavua saa yake, akasema inachelewa. Nikaipima. Haichelewi hata kidogo, na nilipomwambia akaguna, akakaa kwenye stuli, akaanza kuzifuta saa za watu kwa leso.

Baada ya muda akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama kile kifaa kinawasha. Nikasema hapana. Akauliza kama watu wanacheka barabarani. Nikasema siku ya kwanza unadhani dunia nzima inakuangalia, siku ya pili unasahau. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Nilikuwa nasema uongo kwa utamu kiasi cha kutaka na mimi kuwa kiziwi.

Ndipo akatoa yake. Mzee hasikii vizuri. Sote tulijua, lakini msemo wake ulikuwa kwamba watangazaji wa siku hizi wanaongea na pua. Ana miaka miwili anaangalia mpira kama anaangalia samaki ndani ya chupa. Midomo inakwenda, watu wanaruka, kimya. Refa, alisema, anajuaje mchezo bila kusikia uwanja? Kipenga chenyewe hakisikii. Mke wangu na mama yake wamemsihi apime, amekataa, kwa sababu kifaa cha sikioni ni cha wazee. Akanigusa goti. Akasema lakini kama wewe umeweza, kijana mzima, mwenye akili zako.

Moyo uliniuma, naandika wazi. Nilitaka kumwambia ukweli palepale. Nikafungua mdomo. Halafu nikafikiria fainali, kochi, mwanyumba. Nikamwambia aende kesho asubuhi, foleni huwa fupi.

Jumamosi, tarehe 14

Mama mkwe kapiga simu akilia na kucheka. Mzee kapata kifaa chake! Tangu jana jioni anazunguka nyumba akisikiliza vitu. Kafungua bomba, kafunga, kafungua. Kamwambia mama mkwe kwamba alishasahau jinsi mkewe anavyoimba anapofua. Mama mkwe anasema nimemrudishia mume wake, na kwamba siku zote yeye alikuwa upande wangu. Sikumbuki hilo, lakini nimelipokea.

Nimejisikia mwema mno. Hebu fikiria: hila moja, faida mbili! Mke wangu naye amenisifu, kwa namna yake. Amesema hata saa mbovu husaidia watu mara moja moja, halafu akaniuliza redio yangu ya mfukoni iko wapi siku hizi. Nimejifanya sisikii. Nina kifaa.

Nimepanga viti. Kochi ni la mzee na mimi, bega kwa bega. Mwanyumba nimempa kigoda karibu na mlango. Betri mpya. Macho tayari kufumbwa.

Jumapili, tarehe 15

Nitaandika kila kitu, hata kama kalamu inaona haya.

Saa kumi jioni. Nyumba imejaa. Bisi mabakuli mawili, chai birika zima. Mzee kaingia na shati jeupe, kifaa kipya sikioni, anang'aa kama bwana harusi. Kabla hajakaa akauliza ni kitu gani kinanguruma jikoni. Friji, baba. Akauliza ni nini kinatafuna ukutani. Saa, baba, ziko kumi na nne chumba cha pili. Akacheka kwa furaha. Wimbo wa taifa wa kwanza ulipoanza alisimama, si kwa heshima tu. Alisimama kusikia.

Mechi ikaanza, bluu na nyeupe. Dakika ya kumi na mbili nikafumba macho, nikainua kidole, nikasema bluu wanakuja kwa katikati. Wakaja kwa katikati. Goli! Sebule ikalipuka. Mwanyumba peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anakula bisi moja moja na kunichunguza.

Nilivimba kichwa. Kosa langu ni hilo. Utabiri ulipoanza kuwa mtamu sikutaka tena kufumbua macho, nikawa nafuata mechi kwa sikio tu, nikitikisa kichwa kama mganga. Dakika ya thelathini na nane redio ikafifia kidogo, ikakoroma, ikarudi. Na iliporudi sauti ya mtangazaji ilikuwa juu ya paa: kona, kichwa, goli, goli, goli!

Nikasimama. Naam, nilisimama, macho nimefumba, mikono nimeinua. Nikapaza sauti kwamba naliona goli! Kona kutoka kulia! Kichwa! Kipa hana la kufanya! Hesabuni, jamani, hesabuni pamoja nami! Binti yangu akahesabu. Moja, mbili, tatu. Mpaka saba. Mpaka tisa.

Hakuna goli.

Nikafumbua jicho moja. Kwenye televisheni kulikuwa na wanaume wawili wanabeba machela. Mchezaji wa nyeupe kaumia goti, mechi imesimama, na redio, kwa kutokuwa na la kutangaza, ilikuwa inarudia goli la nusu fainali.

Mwanyumba akauliza kwa upole kabisa ni nani aliyepiga kichwa hicho, aliyelala au wanaombeba.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Kulikuwa kimya hata friji lilinyamaza, na katika kimya kile baba mkwe akainama kuelekea sikio langu la kushoto. Polepole. Akasikiliza. Kwa kifaa nilichomshawishi mwenyewe akachukue! Akasema, kwa sauti ya refa aliyeona rafu, kwamba kifaa changu ni kizuri kuliko chake. Chake kinasikia tu. Changu kinataja na majina ya wachezaji.

Akanyoosha mkono, akavuta waya. Redio ikachomoka mfukoni, plagi ikatoka, na mtangazaji akaisalimia sebule yote kwa sauti kubwa, akaishukuru kwa kuendelea kuwa naye.

Jamani! Nilitamani dishi linidondokee. Mama mkwe kashika mdomo. Mwanyumba kasimama ili aone vizuri. Mzee akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati na sote tukajua rangi gani inakuja. Ikatoka leso. Alikuwa analia. Halafu nikaona mabega yake, nikaelewa kwamba anacheka, anacheka mpaka hana pumzi, anajipiga paja, anamshika mama mkwe asianguke. Alipoweza kusema alisema amedanganywa uwanjani na watu wa kila aina, waliojiangusha, waliovuja damu ya nyanya, lakini hakuna hata mmoja aliyejitia uziwi ili amfurahishe yeye. Akasema pia, na hapa alinishika mkono, kwamba ule uongo mbaya umempa sikio zuri, na kwamba dakika thelathini na nane hizi amesikia umati kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, na hataki kusikia mtu akinigombeza mpaka mpira uishe.

Mke wangu akasema yeye alijua tangu Jumatano. Kumbe alinyamaza kwa ajili ya baba yake. Nampenda mwanamke huyu, ingawa angeniambia.

Redio ikapelekwa jikoni, ikazimwa. Kipindi cha pili nikaangalia kama watu wote. Nyeupe wakasawazisha. Goli moja kila upande. Muda wa nyongeza. Dakika ya mia moja na kumi na saba bluu wakaupata mpira pembeni, na mimi sikujua! Sikujua kabisa! Krosi ikapita mbele ya goli, hakuna mtu, hakuna mtu, mtu! Wavuni! Nikaruka nikamwangukia mwanyumba na bakuli la bisi, tukakumbatiana sakafuni, mimi na yule bwana, tunapiga kelele kama tumezaliwa tumbo moja. Mzee alikuwa juu ya kochi na viatu vyake, kainua mikono yote miwili, akisema wasikie, wasikie watu wale!

Sijafurahi hivi tangu siku ya harusi yangu.

Mlangoni mzee akaniambia ahsante, fundi. Fundi! Si "yule wa saa".

Jumatatu, tarehe 16

Nimekula kiapo kingine, na hiki ni cha kweli. Sitadanganya tena. Mchezo ni mtamu usipojua. Mtu akipewa heshima bila hila, hila ya nini? Nimemwita fundi wa dishi. Nimemwambia mke wangu kwamba mimi ni mtu mpya. Akasema vizuri, mtu mpya aokote bisi zilizo chini ya kochi.

Jumapili, tarehe 22

Baba mkwe kaja baada ya chai. Tumekaa barazani wawili. Mwezi ujao yanaanza mashindano ya riadha ya dunia, na mwanyumba ametualika wote kuangalia mbio za mita mia. Ameng'oa dishi. Sasa anapata picha kwa mtandao, na anatamba kwamba anayetazama kwa dishi anatazama mambo ya kale.

Mzee akageuka kuona kama mlango umefungwa. Kisha, kwa sauti ya mtu ambaye miaka ishirini na sita hakupokea hata soda kutoka kwa timu yoyote, akaniuliza kama picha ya mtandao inawahi au inachelewa. Nikamkumbusha kuhusu kiapo. Akasema anakiheshimu, anauliza kwa elimu tu. Akaongeza kwamba kile kifaa chake, ameelezwa na wataalamu, kinaweza kunasa redio chenyewe, bila waya, bila kofia, na hakuna mtu duniani mwenye moyo wa kumvua mzee kifaa cha kusikia.

Kwa elimu tu, jioni nimepita kwa mwanyumba kumjulia hali. Saa mbili, moja kila mkono, na redio mfukoni. Nimepima mara kumi na moja.

Sekunde kumi na moja! Mbio za mita mia hata anayeshika mkia hafikishi kumi na moja. Mzee na mimi tutakuwa tumeshampigia makofi bingwa wa dunia, na kwenye televisheni ya mwanyumba wakimbiaji watakuwa bado wameinama mstarini.